Kilomita Sita Nukta Saba

Karatu
Jumatatu, 9 Juni 2025
Asubuhi ukungu mzito na baridi. Mlima Oldeani hauonekani kabisa.

Ndugu Nasieku,

Mimi ni Lusia, katibu wa Umoja wa Waongoza Matembezi. Ndimi niliyesimamia mtihani tarehe 3 Juni, yule mama wa miwani uliyemwomba kalamu mara mbili.

Umepata alama 48 kwa 100. Kufaulu ni 50. Hii ilikuwa mara yako ya pili, na kanuni ya sita inasema anayeshindwa mara mbili hapewi nafasi ya tatu. Kwa hiyo jalada lako limefungwa.

Kwa kawaida barua yangu huishia hapo. Lakini nimesahihisha karatasi thelathini na moja kwa siku tatu na uvumilivu umeniishia. Nimekutana na mtu aliyeiweka Uholanzi kusini ya Brazili. Ni wewe. Tulipouliza London ni saa ngapi ikiwa Arusha ni saa sita mchana, umejibu, "Inategemea." Inategemea nini? Tulipouliza kama Ikweta inapita Tanzania umeandika, "Hapana, walipewa Kenya." Nimekupa alama, maana hapana ni hapana, lakini niliiweka kalamu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Kilichoniudhi zaidi ni swali la kumi na nne, la kupima urefu wa njia kutoka josho la zamani hadi chemchemi. Ulipima vizuri, ukapata kilomita 6.7, ambalo ndilo jibu. Kisha ukalikata kwa mistari miwili ukaandika 9.5. Swali hilo lina alama nne. Ungeliacha lilivyokuwa ungekuwa na 52 na mimi nisingekuwa naandika barua hii. Sielewi mtu anayeshika jibu mkononi halafu analitupa.

Rufaa huandikwa kwa mkono, ndani ya siku ishirini na moja. Usipige simu. Barua mpe Josephati, anayeleta unga huko kwenu Jumanne na Ijumaa.

Lusia
Katibu


Endulen
13 Juni 2025

Madam Lusia, shikamoo.

Uholanzi nimekubali. London nimekubali. Swali la mabara pia, nilitaja Alaska kwa sababu mgeni mmoja alitoka huko na alikuwa na koti kubwa kama la mtu anayetoka bara lake peke yake. Sitabishana na hayo.

Nabishana na swali la kumi na nne.

Njia ile naijua. Naipita na punda tangu nina miaka minane, kuteka maji. Nilipopata 6.7 nilidhani uzi umenasa kwenye dawati. Nikapima tena, 6.7. Nikasema hapana, hii karatasi inanitania. Mwalimu wetu wa hesabu wa kidato cha pili alitufanyisha jambo moja: tulipima uwanja wa shule, tukampitisha punda mwenye madumu manne ya maji, tukahesabu dakika. Punda yule alitembea kilomita tatu na mita mia mbili kwa saa moja. Kutoka chemchemi hadi josho punda wetu hutumia saa tatu, pungufu kidogo wakiona nyumbani. Zidisha mwenyewe. Kama ingekuwa 6.7 ningefika mapema kila siku, na mama yangu angedhani nimejaza madumu kwenye dimbwi la njiani.

Naomba alama zangu nne.

Na sababu ya kuziomba ni hii. Nafua mashuka ya kambi ya wageni, huu ni msimu wa tatu. Kila asubuhi naanika mashuka huku nawaona wageni wakiondoka na kiongozi aliyetoka mjini, wakipita njia ambazo mimi nazijua mawe yake. Mkuu wa kambi ameniambia, "Nasieku, nafasi ya kuongoza ipo. Niletee cheti hadi tarehe 15 Julai. Usipoleta, namchukua mwingine, na wewe utaendelea na sabuni." Alisema hivyo kwa wema. Lakini alisema.

Wako,
Nasieku


Karatu
Jumanne, 17 Juni 2025
Asubuhi mawingu, upepo kutoka mlimani. Saa mbili jua limechomoza kidogo.

Ndugu Nasieku,

Marahaba. Rufaa yako imekataliwa.

Swali halikuuliza punda wako anatumia saa ngapi. Liliuliza: "Kwa kutumia ramani uliyopewa, pima urefu wa njia." Ramani ile ilipimwa na watu waliosomea, kwa vyombo. Wewe umepima kwa punda. Nikimpa alama kila anayeniambia njia ya kwao anaijua, sitakuwa na haja ya mtihani, nitakaa tu hapa mlangoni niwasikilize watu wakisimulia walikopita. Na siku utakapompeleka mgeni mahali ambapo punda wenu hawajawahi kufika, utafanya nini?

Nasema kwa nia njema. Una akili. Ila una kichwa kigumu, na kichwa kigumu ndicho kimekukatia jibu sahihi.

Ili jambo hili liishe, naambatisha nakala ya ramani ileile, pamoja na uzi niliotumia mimi. Ulaze uzi juu ya njia, kona kwa kona, kisha uunyooshe kwenye rula. Utapata sentimita 13.4. Chini imeandikwa 1:50,000, maana yake sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Gawa kwa mbili. Ukipata kingine niandikie. Usipopata, niache nifanye kazi.

Nakala hiyohiyo nimewatilia plastiki vijana kumi na wawili waliofaulu, na wameshaanza kutembeza wageni nayo. Hakuna aliyelalamika.

Lusia


Endulen
27 Juni 2025

Madam Lusia, shikamoo.

Nimepata 6.7. Nimepima mara tatu kwa uzi wako. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilisema basi, Nasieku, umeshindwa, fua mashuka.

Halafu ikaja Jumanne ya wiki hii, siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa natoka chemchemini na punda wawili, madumu yamejaa. Baada ya mwendo wa nusu saa nikawaona watu mbele yangu wamekaa juu ya mawe. Mzee wa Kizungu, mkewe, askari wa hifadhi na bunduki yake, na kijana mmoja amevaa kofia mpya, ameshika karatasi ya plastiki anaigeuzageuza kama mtu anayekausha samaki. Ndiye kiongozi. Mama wa Kizungu alikuwa amevua viatu na uso wake mwekundu kabisa.

Kijana akaniuliza, "Dada, hivi chemchemi tumeiacha mbali?"

"Mmeiacha wapi? Iko mbele, huku ninakotoka mimi. Ninyi mmetokea wapi?"

"Tumetoka joshoni saa nne. Saa saba bado hatujaiona. Nikajua tumeipita, nikawageuza."

"Umewageuza?"

"Ramani inasema kilomita sita na kitu. Hiyo ni saa mbili, saa mbili na nusu kwa wazee. Sisi tumetembea saa tatu. Lazima tumeipita."

"Kaka, pale kuna ng'ombe mia mbili wanagombania maji na wenyewe wanapigiana kelele. Ungeipitaje?"

Akaniambia, "Dada, mimi nina cheti." Kweli, Madam, alisema hivyo. Nami nikamwambia, "Hongera. Maji unayo?"

Maji hayakuwepo. Simu yake ilikuwa imezima kwa kupiga picha za twiga. Nikamuuliza yule askari, "Na wewe afande, hujui chemchemi?" Akasema, "Mimi nimehamishwa wiki iliyopita kutoka Lindi. Nimeambiwa nifuate kiongozi."

Walikuwa wamebakiza nusu saa wafike, wakageuka kuyapa maji mgongo. Kama nisingekuwa natoka huko wangetembea saa tatu nyingine kurudi joshoni, na yule mama asingefika kwa miguu yake. Maji ya dumu hawakuthubutu kuyanywa, wakajimwagia kichwani dumu zima, kisha nikawageuza na punda wangu nikawapeleka. Pale chemchemini yule mzee akakumbuka ana vidonge vya kusafishia maji, wakatia, wakasubiri, wakanywa. Mama akapata nguvu, akaanza kucheka. Ni Waholanzi. Nikamwomba anionyeshe kwao ni wapi, akanichorea mavumbini kwa fimbo: hapa Ujerumani, hapa bahari, hapa sisi. Akaniambia sehemu nyingine za nchi yao ziko chini ya bahari, na wamezuia maji kwa kuta. Nikamwambia ndiyo maana sikuiona. Kwa hiyo Uholanzi sasa naijua, sitaiweka tena Brazili.

Ila huyo mwerevu wenu, Madam, alisoma ramani vizuri kabisa. Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Kama msomaji ni mzuri, na njia ni ileile, kilichobaki ni karatasi.

Nikaichukua karatasi yako tena. Mwalimu wa jiografia wa kidato cha tatu alikuwa anatuambia: kwenye ramani ya 1:50,000, ule mraba uliochorwa ni kilomita moja kila upande, na ukiweka rula ni sentimita mbili. Nimeweka rula. Mraba wa ramani yako una sentimita moja na milimita nne.

Pima na wewe. Halafu usahau hiyo 1:50,000, hesabu uzi wako unaingia pande ngapi za mraba.

Nasieku


Karatu
Jumanne, 1 Julai 2025
Asubuhi manyunyu, si ya msimu.

Ndugu Nasieku,

Barua yako ya tarehe 27 imefika. Karatasi yako imepitiwa upya. Alama zako sasa ni 52. Cheti kitaandaliwa na kitakufikia kabla ya tarehe 15.

Suala hili ni la kiofisi. Hakuna haja ya kulizungumza kambini wala na watahiniwa wengine.

Kijana unayemwita mwerevu wenu ana jina. Anaitwa Thomasi.

Lusia
Katibu


Endulen
4 Julai 2025

Madam Lusia, shikamoo.

Nilipofungua barua niliruka. Sikufichi. Nilimwinua mama yangu juu, akanichapa na khanga. Nikaenda kwa mkuu wa kambi kumwambia cheti kinakuja, akanipa mkono.

Nikaisoma barua tena. Nikaisoma mara ya tatu, natafuta neno "kwa sababu". Halimo.

Hizi alama nne umenipa za nini, Madam? Kama jibu ni 9.5, basi 6.7 ni uongo, na mmewapa vijana kumi na wawili uongo uliotiwa plastiki waende nao porini. Kama jibu ni 6.7, basi mimi sikustahili, na umenihonga ninyamaze. Nichagulie moja.

Jana amepita hapa kiongozi mwingine na familia, watoto wawili, mdogo hajafika hata miaka tisa. Plastiki ileile inaning'inia shingoni. Nikiwa na shuka mkononi nikamkimbilia, nikamwambia, "Hiyo ramani ongeza karibu nusu yake." Akanitazama nilivyo, na povu hadi viwikoni, akasema, "Asante, dada, nguo zetu tumeziacha hemani." Wageni wakacheka. Wakaenda.

Walirudi salama, walikuwa na maji ya kutosha. Safari hii.

Sijui huyo Thomasi ni nani kwako hadi unitajie jina lake bila neno lingine. Nilimwita mwerevu na sitaki kulifuta, maana hesabu yake ilikuwa sawa. Lakini Ijumaa ijayo kama sijapata jibu lenye sababu, nitapanda juu ya magunia ya Josephati anaporudi Karatu, nije niisome ramani yenu mbele ya Umoja wote. Ikinipotezea cheti, inipotezee. Kufua nimeshajifunza.

Nasieku


Karatu
Jumanne, 8 Julai 2025
Asubuhi baridi kali, anga safi. Oldeani unaonekana hadi kileleni.

Nasieku,

Usipande juu ya magunia. Nitakueleza.

Nina daftari ambalo kila siku naandika nilichofanya. Nimelifungua tarehe 30 Mei. Limeandikwa: "Nimekwenda stesheneri kutoa kopi za ramani, 45. Karatasi kubwa hakuna." Basi. Mstari mmoja. Lakini nayakumbuka maneno. Yule binti wa dukani, Anneth, aliniambia, "Mama Lusia, karatasi za A3 zimekwisha hadi niletewe kutoka Arusha. Ila naweza kuifinya iingie kwenye A4."

Nikamuuliza, "Maandishi yatasomeka?"

"Yatasomeka yote, mama. Hakipotei kitu."

Na kweli hakikupotea kitu. Alifinya milima, makorongo, josho na chemchemi, na yale maandishi ya 1:50,000 yakabaki palepale yakisema yaliyokuwa yakisema. Ramani nzima ikawa ndogo na maneno yake hayakujua. Tarehe 1 Juni nilikaa na uzi wangu nikaandaa majibu. Sikupima ramani halisi iliyo kabatini. Nilipima kopi, makusudi kabisa, ili jibu langu litoke kwenye karatasi ileile mtakayopewa. Nilijiona mwangalifu. Imeandikwa humu: "Majibu yamehakikiwa."

Barua yako ya tarehe 27 niliisomea nimesimama. Nikafungua kabati, nikaweka rula kwenye ramani halisi: sentimita mbili. Nikaweka kwenye kopi: moja nukta nne. Nikahesabu uzi wa njia unaingia pande ngapi za mraba. Tisa na nusu. Nikalifunga kabati. Siku hiyo daftarini nimeandika hali ya hewa tu.

Mimi nimefundisha watu kusoma ramani miaka sita. Kila mwaka nasema, "Kabla ya kupima chochote, pima mraba." Nasema na kidole nimekinyoosha.

Sasa Thomasi. Thomasi ni mtoto wa dada yangu Selina, kwa hiyo ni mwanangu, ananiita mama mdogo. Alipata 51. Kati ya hizo, nne ni za swali la kumi na nne. Jumanne ile alirudi nyumbani midomo imepasuka, akaniambia jua lilikuwa kali. Hakuniambia kingine. Nilikuja kujua kwa barua yako, na nikakasirika na wewe badala ya kukasirika na nani sijui.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti wetu, Mzee Apolinari. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lusia, tunaojua ni mimi, wewe na huyo binti. Mpe alama zake nne, kisha zile plastiki tuzikusanye polepole, tuseme tunabadilisha toleo. Ukitangaza, kambi zote zitauliza vyeti vyetu ni vya nini." Nikakubali. Nikakuandikia ile barua ya tarehe 1. Polepole ndiyo hiyo uliyoiona wewe na watoto wawili.

Jana nimerudi kwake na barua yako. Nimemwambia sitaki polepole. Tumewapigia simu wote kumi na wawili, plastiki zote zimerudi ofisini isipokuwa moja iliyoliwa na mbuzi huko Engaresero, na huyo mbuzi sitamfuatilia.

Kuhusu alama, nisikilize vizuri maana hutapenda. Siwezi kukupa nne huku nikiwanyang'anya waliojibu 6.7, kwa sababu walifanya nilichowaambia. Na siwezi kuwaachia wao nne nikakunyima wewe uliyesema kweli. Na nikiwapa wote, nitakuwa nimeandika kwamba njia moja ina urefu wa namna mbili tofauti. Swali ni bovu na mbovu ni mimi niliyelitunga. Napendekeza lifutwe kwa watu wote thelathini na mmoja. Mtihani utakuwa wa alama 96. Piga hesabu ya karatasi yako mwenyewe. Mimi nimepiga ya Thomasi.

Kamati inakutana Jumatatu tarehe 14. Wajumbe wengine wamesema hawafuti swali kwa ajili ya rula na maneno ya binti mmoja. Wanataka njia ipimwe. Kwa hiyo Jumamosi tunakuja, mimi na Mwenyekiti, na chombo chake cha kupimia umbali kwa setilaiti. Tutatembea kutoka josho hadi chemchemi. Kikisema vingine, sitakuwa na la kukutetea.

Lusia


Endulen
11 Julai 2025

Mama Lusia, shikamoo.

Nimepiga hesabu. Arobaini na nane kwa tisini na sita. Nimepiga kwa kalamu, nikapiga kwa simu, nikamwambia na mpishi wa kambi apige. Ni hamsini. Hamsini kavu, hakuna hata nukta ya kusindikiza. Nilikuwa na 52 mkononi nikaandika barua kali nikajirudisha 50! Mpishi amecheka hadi ameunguza vitunguu.

Sawa. Hamsini ni yangu, haina sababu iliyofichwa.

Ya Thomasi pia nimepiga. Arobaini na saba. Pole, mama. Sikujua ni mwanao. Ningejua ningeandika kwa upole zaidi, ila ningeandika.

Jumamosi siwezi kuja nanyi, kuna wageni kumi na wawili wanaondoka na mashuka yote ni yangu. Mama yangu atawapeleka, anakwenda kuteka maji siku hiyo. Kiswahili chake ni kidogo lakini hakopeshi, anakwambia palepale. Mfikie joshoni saa moja kamili, punda hawasubiri kamati. Usivae viatu vya ofisini.

Cheti kikifika Jumatano kitakuwa karatasi tu. Jumanne ndiyo tarehe 15.

Nasieku


Karatu
Jumatatu, 14 Julai 2025
Asubuhi ukungu, ukaondoka saa tatu. Mchana jua.

Mdogo wangu Nasieku,

Cheti kimo ndani ya bahasha hii. Kamati imemaliza saa tisa alasiri. Barua nampa Josephati leo jioni mkononi, na nimemwambia kesho akifika asishushe unga hata gunia moja kabla hajafika kambini kwenu. Ameniuliza, "Kwani ni dawa?" Nikamwambia afanye kama ni dawa.

Umepata hamsini kwa mia. Nimeipiga hesabu hiyo mbele ya kamati mara tatu. Mjumbe mmoja akasema hamsini ni ukingoni sana, cheti cha binti huyo kinaweza kusubiri mwakani. Mzee Apolinari, ambaye wiki mbili zilizopita alitaka tunyamaze, akamwambia, "Mimi nimeitembea ile njia juzi nikiwa na miaka sitini na nne. Kama unataka kisubiri, nenda ukaitembee wewe kwanza, halafu tuendelee na kikao."

Tangazo nimelibandika mlangoni kwa jina langu: swali la kumi na nne limefutwa, kosa ni la katibu, ramani ilifinywa wakati wa kutoa kopi. Nimeambiwa neno "kosa" ni kali, niandike "dosari". Nimeacha kosa. Wengine wote wamebaki walipokuwa. Aliyepanda ni wewe peke yako na aliyeshuka ni Thomasi peke yake. Kwake ilikuwa mara ya kwanza, atarudia Novemba. Alinikabidhi cheti, kisha akasimama mlangoni akauliza, "Mama mdogo, siku ile nilipowageuza, nilikosea wapi?" Nikamwambia hakukosea popote, nilikosea mimi. Akasema, "Basi hilo ndilo baya zaidi, maana sijui nirekebishe nini." Dada yangu Selina alimtuma mtoto wa jirani aje achukue jiko lake la mkaa aliloniazima tangu Krismasi. Hakuja mwenyewe.

Sasa nikueleze Jumamosi, kwa kuwa hukuwepo.

Mama yako alitukuta joshoni saa moja kamili na punda wawili. Akaniangalia miguuni. Nilikuwa nimevaa raba, nilikusikiliza. Tukaanza. Saa ya kwanza nilikuwa naandika: saa moja na dakika tano, mti mkubwa kulia, saa moja na ishirini, korongo. Saa ya pili niliacha kuandika. Kile kilima cha mawe meusi kwenye ramani ni mistari minne iliyokaribiana. Nimewafundisha watu mistari hiyo miaka sita, na sikujua kwamba ukiwa katikati yake unasikia moyo masikioni. Mzee Apolinari alikuwa akinitia moyo kwa kunisomea chombo chake. "Sita nukta tano, Lusia. Sita nukta sita." Kilipofika sita nukta saba nikamwomba tusimame.

Nikazunguka nikitazama. Hapakuwa na kitu. Majani makavu, mawe, na mfupa wa pundamilia. Hapo ndipo jibu langu lilipokuwa limeiweka chemchemi. Nikamwona yule mama wa Kiholanzi na viatu vyake mkononi, ingawa sikuwahi kumwona.

Mama yako akasimamisha punda akaja hadi niliposimama. Akasema kwa Kiswahili chake, polepole, kila neno peke yake, "Mwanangu alikuambia mbali. Wewe ukaandika karibu. Sasa uko hapa. Nakuuliza. Mbali, au karibu?"

"Mbali, mama," nikasema.

"Sema tena, punda wasikie."

"Mbali!"

Akacheka hadi akaegemea punda. Mzee Apolinari naye akacheka. Nami nikakaa chini pale pale, juu ya mawe, nikacheka huku machozi yananitoka, na sijui kama yalikuwa ya kicheko. Kisha akaniinua kwa mkono, akanipa kamba ya punda mdogo nijivutie nayo.

Chombo kilisoma 9.4 tulipofika majini. Ng'ombe nimewaona na kelele nimezisikia. Kwa kweli Thomasi asingeipita.

Gari lilitufuata huko likaturudisha. Mguu wa kushoto umetoka malengelenge matatu, wa kulia mawili. Nilifika nyumbani, nikafungua daftari niandike ya siku ile, na sikuandika zaidi ya tarehe. Nimelikuta asubuhi yake limefunguka kifuani. Kwa hiyo naijaza hapa, isije ikapotea: Jumamosi, 12 Julai, asubuhi baridi na anga safi, josho hadi chemchemi kilomita tisa nukta nne. Nimelala saa moja na dakika arobaini jioni, bila kula, na raba miguuni.

Lusia